KIFADURO: Jaribio Lilikufa, Watoto Bado Wanakohoa

Wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo. Nataka tuzungumzie kifaduro. Najua kuna watakaoguna: kifaduro tena? Si ugonjwa wa enzi za bibi, ule wa kikohozi cha siku mia, uliokwenda na chanjo? Ndiyo, ni huo huo, ila haujaenda popote. Wanasayansi waliokadiria hesabu za mwaka 2014 walipata wagonjwa milioni 24.1 walio chini ya miaka mitano duniani kote, na vifo 160,700. Zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilikadiriwa kuwa hapa Afrika. Hao ni watoto laki moja na sitini elfu kwa mwaka mmoja, kwa ugonjwa ambao wengi wetu tunadhani ulishazikwa!

Na wanaokufa zaidi ni akina nani? Ni wale ambao hata hawajajua kucheka, watoto wa wiki tatu, wa mwezi mmoja, wa miezi miwili. Kadi ya kliniki ya mtoto wa Tanzania au Kenya inasema chanjo ya kwanza yenye kinga ya kifaduro anachomwa akiwa na wiki 6, kisha wiki 10, kisha wiki 14. Kabla ya hapo mtoto yuko uwanjani hana kipa. Na hata ile dozi ya kwanza haimkingi kikamilifu, ndiyo maana zinafuata mbili.

Ubaya wa kifaduro kwa kichanga ni kwamba mara nyingi hakitoi ule mlio unaosimuliwa. Mtoto mkubwa hukohoa mfululizo mpaka pumzi zinamwishia, kisha anavuta hewa kwa sauti kama ya jogoo. Kichanga hana nguvu hizo. Yeye anaweza kuacha tu kupumua. Midomo na ulimi vinabadilika rangi, mama anamtikisa, anarudi. Baada ya saa moja tena. Mwingine anapelekwa hospitali akiambiwa ni nimonia, anatibiwa kama mgonjwa wa nimonia, na akifa anaandikwa nimonia. Halafu sisi tunasoma takwimu na kusema kifaduro kimekwisha.

Sasa tuingie kidogo kwenye sayansi, na mnivumilie, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini nina hasira.

Bakteria wa kifaduro aliotengwa na Jules Bordet na Octave Gengou kule Brussels mwaka 1906 ana tabia ya ajabu. Hapendi kuingia ndani sana mwilini. Anajishikiza kwenye njia ya hewa, anakaa hapo, na anamwaga sumu. Kazi chafu inafanywa na sumu hiyo. Inaingia kwenye damu na kuvuruga chembe nyeupe, ambazo badala ya kwenda kupambana zinabaki zikirundikana kwenye mzunguko. Kwa kichanga aliyezidiwa chembe hizo hujaa kiasi cha kuziba mishipa midogo ya mapafu. Shinikizo la damu kwenye mapafu linapanda, moyo unahangaika kusukuma, na hapo ndipo hata mashine za kupumulia zinapoanza kushindwa.

Antibayotiki tunazo, azithromaisini na ndugu zake. Zinamuua bakteria vizuri tu, na zinasaidia asiambukize wengine. Lakini sumu iliyokwishamwagwa haziigusi. Ukishaanza kukohoa kile kikohozi chenyewe, dawa hizo hazibadilishi sana mwendo wa ugonjwa. Ni sawa na kumkamata mwizi baada ya kuchoma nyumba. Umefanya vema kumkamata, lakini moto bado unawaka. Kwa hiyo daktari mwenye kichanga cha kifaduro kikali anabaki na nini? Oksijeni, dripu, kumnyonya makohozi, na kusubiri. Kwenye hospitali za nchi tajiri wanaweza kuongeza kubadilisha damu ya mtoto ili kupunguza zile chembe nyeupe, au kumwunganisha na mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu. Na bado wengine wanafariki.

Basi mtu mwenye akili za kawaida atauliza: kama shida ni sumu, kwa nini tusiizime sumu?

Swali hilo si geni hata kidogo. Mwaka 1890 Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato, wakiwa Berlin, walionyesha kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya pepopunda au ya dondakoo ina kitu kinachoweza kumkinga mnyama mwingine. Kitu hicho leo tunakiita kingamwili. Dawa ya dondakoo ikatengenezwa kwa damu ya farasi, watoto waliokuwa wakikabwa koo wakapona, na Behring akapata tuzo ya kwanza kabisa ya Nobel ya tiba mwaka 1901. Ukiumwa na nyoka leo hospitali wanakupa dawa ya aina hiyo hiyo: kingamwili zinazoishika sumu kabla haijafanya madhara. Yaani tuna dawa ya sumu ya nyoka, ya sumu ya dondakoo, ya sumu ya pepopunda. Ya sumu ya kifaduro iko wapi?

Hapa ndipo ninapotaka kugombana na watu.

Dawa hiyo ilishatengenezwa na ilishaanza kujaribiwa kwa watoto. Mwaka 1991 Marta Granström na wenzake wa Sweden walichapisha jaribio la kingamwili zilizotolewa kwenye damu ya watu waliochanjwa dhidi ya sumu ya kifaduro. Watoto waliopata sindano hiyo walipata nafuu ya kikohozi mapema kuliko wenzao. Marekani nako, maabara ya umma ya jimbo la Massachusetts ilitengeneza kingamwili za kutia kwenye mshipa, na mwaka 1999 yakachapishwa matokeo ya awali kwa watoto wachache waliougua vibaya. Dawa ilionekana kuvumilika mwilini, na dalili zilikuwa za kutia moyo. Lakini hakukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuapa kwamba dawa ndiyo iliyofanya kazi.

Likaja jaribio lenyewe, lile la kumaliza ubishi. Watoto wachanga waliolazwa kwa kifaduro wagawanywe kwa bahati nasibu, wengine wapewe kingamwili, wengine wapewe maji yasiyo na dawa, na daktari asijue nani kapata nini. Matokeo yakatolewa mwaka 2007 na Scott Halperin wa Halifax, Canada, pamoja na wenzake. Wadau, kaeni chini msome sentensi inayofuata polepole. Jaribio lilisimamishwa baada ya kuandikisha watoto 25 kwa sababu chupa za dawa ziliisha muda wake wa matumizi na nyingine hazikupatikana.

Ngoja nirudie. Waliofanya jaribio hawakuona kwamba dawa inaua, wala hawakufikia mahali pa kusema haisaidii kitu. CHUPA ZILIISHA MUDA! Watoto 25 ni wachache mno kukupa jibu la aina yoyote, na kichwa cha ripoti yenyewe kikakiri kwamba jibu bado halijapatikana. Tangu hapo dunia imetengeneza simu zinazokutambua uso na magari yanayojiendesha. Swali dogo kama hili, je, kingamwili zinaokoa kichanga mwenye kifaduro au haziokoi, limeachwa kwenye rafu.

Kwa nini? Jibu langu ni fupi: wagonjwa hawana hela. Angalieni mambo yalivyokwenda. Mwaka 2012 Uingereza ilipata mlipuko, watoto wachanga 14 wakafariki, na Oktoba mwaka huo huo serikali ikaanza kuwachanja wajawazito ili mama ampe mtoto kingamwili kupitia kondo la nyuma. Ikafanya kazi vizuri sana: tathmini ya mwanzo ilionyesha kinga ya takriban asilimia 90 kwa vichanga. Marekani nayo ikaelekeza wajawazito wachanjwe katika kila mimba. Safi kabisa, nawapongeza. Lakini mtoto wa London alipopata ngao, hamu ya kutafuta dawa ya mtoto ambaye mama yake hajapata chanjo hiyo ikapoa. Na mtoto huyo anaishi wapi? Anaishi huku kwetu.

Tena hata huko kwao ngao imeanza kutoboka. Mwaka 2024 kifaduro kilirudi Uingereza kwa kishindo, na watoto wachanga 11 wakafariki England pekee. Kwa hiyo asije mtu akatuambia hili ni tatizo la vijijini Afrika. Ni tatizo la binadamu yeyote aliyezaliwa juzi.

Kuna kichekesho kimoja kisichochekesha. Sayansi haikulala moja kwa moja. Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, kikundi cha Jennifer Maynard, kilitengeneza kingamwili za kisasa za maabara ambazo hazihitaji kukusanya damu ya watu. Mwaka 2015 wakachapisha kwamba mchanganyiko wa kingamwili mbili ulipunguza makali ya ugonjwa kwa panya na kwa nyani. Mwaka 2020 wakaja na kubwa zaidi: kingamwili moja tu, wakipewa nyani wachanga siku chache baada ya kuzaliwa, iliwakinga wasiugue walipoambukizwa bakteria wiki kadhaa baadaye. Nyani, wadau! Mnyama tunayemfukuza shambani kwa mawe. Mwana wa nyani kwenye maabara ya Marekani amepata kitu ambacho mwana wa mama wa Mbagala hana wa kumuulizia.

Sasa nijibu hoja za wapinzani wangu, maana najua zinakuja.

Hoja ya kwanza: "Watoto wetu si panya wa maabara." Hii siidharau hata chembe, ina makaburi nyuma yake. Mwaka 1996 kule Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa ya Trovan kwa watoto katikati ya mlipuko wa homa ya uti wa mgongo. Watoto 200 walihusika, 11 walifariki, na wazazi walisema hawakuelezwa kwamba ni majaribio. Kesi zikaenda mpaka mwaka 2009 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 75 kumaliza shauri na jimbo la Kano, ingawa haikukiri kosa. Mwafrika anayeshtuka akisikia neno "majaribio" ana kumbukumbu nzuri tu.

Lakini nikuulize wewe unayesema hivyo: mtoto anayelazwa leo kwa kifaduro, akapewa kile kilichopo kwenye kabati, hayumo kwenye majaribio? Yumo! Tofauti ni kwamba jaribio lake haliandikwi, halina kamati ya kulisimamia, halina fidia, na hakuna anayejifunza chochote akifa. Hilo ndilo jaribio baya kuliko yote.

Na kama unadhani daktari "anajua tu" kinachosaidia, chukua mfano huu wa hapa hapa nyumbani. Kwa miaka mingi mtoto aliyefika hospitali akiwa na homa kali na damu isiyozunguka vizuri, vitabu vilisema mjaze dripu haraka. Ilikuwa wazi kiasi kwamba kuuliza kulionekana ujinga. Kathryn Maitland na wenzake wakauliza hivyo hivyo. Jaribio la FEAST lilifanyika Uganda, Kenya na Tanzania, ikiwemo hospitali ya Teule kule Muheza, likaandikisha watoto 3,141. Matokeo ya mwaka 2011 yaliwaacha madaktari wa dunia midomo wazi. Katika saa 48 za mwanzo, waliojaziwa maji kwa haraka walifariki karibu 11 kati ya kila 100, na wasiojaziwa walifariki 7. Dripu ya haraka, iliyoaminiwa na kila mtu, ilikuwa inaua. Nani aligundua? Jaribio lililofanywa kwa watoto wa Afrika Mashariki, na likaokoa watoto wa Afrika Mashariki. Bila hilo tungekuwa bado tunaua kwa nia njema.

Kwa hiyo simaanishi kwamba kingamwili za kifaduro ni muujiza. Inawezekana kabisa zisifanye kazi! Kuna sababu nzito ya kutilia shaka: mtoto akishafikia hatua ya mapafu na moyo kuzidiwa, sumu imekwisha kuingia ndani ya seli, na kingamwili inayoelea kwenye damu haiwezi kuifuata humo. Huenda dawa ikasaidia siku za mwanzo tu. Huenda kazi yake kubwa ikawa kumkinga kichanga ambaye mtu wa nyumbani kwao anakohoa. Yote hayo ni maswali, na maswali ya namna hiyo hayajibiwi kwa maombi wala kwa semina za hotelini. Yanajibiwa kwa kujaribu. Jibu la "hapana" nalo lina thamani, kwa sababu litatuzuia kupoteza fedha na muda. Nisichokikubali ni kukaa bila jibu kwa sababu chupa iliisha muda.

Hoja ya pili: "Chanjo inatosha." Mimi ni mtu wa chanjo kuliko unavyodhani. Nikipewa shilingi moja leo, nitaitia kwenye chanjo kwanza. Tena nitauliza swali ambalo halijibiwi: Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2015 kwamba kumchanja mjamzito ni njia ya nyongeza yenye faida zaidi kumkinga kichanga dhidi ya kifaduro. Sindano anayochomwa mjamzito kwenye kliniki zetu ni ya pepopunda na dondakoo. Kifaduro hakimo. Kwa nini? Wizara zituambie ni bei, ni takwimu, au ni usingizi.

Lakini chanjo ikiwepo, bado kuna mama atakayejifungua kabla ya wakati, kabla kingamwili hazijavuka vya kutosha. Kuna atakayefika kliniki mara moja tu. Kuna atakayekuta imeisha. Hatuachi kununua magari ya zimamoto kwa sababu tumewafundisha watu kuzima majiko. Dondakoo ina chanjo nzuri ya miaka mingi, na bado ilipolipuka Nigeria mwaka 2023 madaktari walihangaika kutafuta dawa yake ya kingamwili, ambayo viwanda vya dunia vimeacha kuitengeneza kwa wingi. Hilo linatufundisha nini?

Hoja ya tatu: "Ni ghali mno." Hii ina nguvu. Kingamwili ya kukinga vichanga dhidi ya virusi vya RSV iitwayo nirsevimab iliidhinishwa Marekani mwaka 2023, na ikaingia sokoni kwa bei ya dola 495 kwa dozi. Kwa bei hiyo hata mbunge angeomba apunguziwe. Ila bei ya kwanza ya Marekani si sheria ya Mungu. Tazameni kichaa cha mbwa. Taasisi ya Serum ya India ilishirikiana na MassBiologics ya Massachusetts kutengeneza kingamwili ya kichaa cha mbwa kwa ajili ya watu maskini wanaoumwa na mbwa, ikaanza kutumika India, na mwaka 2021 kingamwili za aina hiyo zikaingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Na MassBiologics ni nani? Ni ile ile maabara ya umma ya Massachusetts iliyotengeneza kingamwili za kifaduro zilizoisha muda! Yaani ujuzi upo, kiwanda kipo, mfano wa kushirikiana na nchi isiyo tajiri upo. Kilichokosekana ni mtu wa kugonga meza.

Hoja ya nne, na hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote kwa sababu tunaisema wenyewe: "Huku kwetu hatuwezi." Hatuwezi?! Nendeni Beni. Nendeni Butembo. Mwaka 2018 na 2019 Ebola ilipowaka mashariki mwa Kongo, katika miji ambako watu wanaongea Kiswahili hiki hiki, kulifanyika jaribio la dawa nne za Ebola kwa wakati mmoja. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto Februari 2019. Kazi ikaendelea. Wagonjwa 681 wakaandikishwa, na Agosti 2019 waangalizi wakaona tofauti ni kubwa kiasi kwamba si haki kuendelea kutoa zile mbili dhaifu. Waliopata mojawapo ya zile mbili bora walifariki theluthi moja hivi. Waliopata nyingine walifariki nusu.

Na dawa zilizoshinda zilikuwa nini? KINGAMWILI. Moja yake ilianzia kwenye damu ya Mkongomani aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, na mmoja wa walioisukuma tangu mwanzo ni Profesa Jean-Jacques Muyembe, Mwafrika wa Kongo. Marekani iliziidhinisha zote mbili mwaka 2020. Kwa hiyo jaribio la kingamwili linawezekana penye risasi, penye matope, penye mgawo wa umeme. Bagamoyo, Korogwe, Kilifi na Siaya zilishiriki jaribio kubwa la chanjo ya malaria la RTS,S, lililoandikisha watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika. Kisha eti kifaduro "hatuwezi". Tuseme ukweli: hatujaombwa, na sisi wenyewe hatujaomba.

Sisi waandishi nasi tusijitoe. Nilipopeleka wazo hili kwenye chumba kimoja cha habari hapa mjini, swali la kwanza niliulizwa: "Kuna mtu maarufu kaumwa?" Hakuna. Kifaduro hakiumi watu maarufu. Kinamuuma mtu ambaye hata jina hajapewa vizuri, familia bado inabishana aitwe la babu wa upande gani. Mtu huyo hapigi kura, hana akaunti popote, na mama yake amekaa kwenye benchi la wodi hajui hata ugonjwa unaitwaje. Asiposemewa na wewe mwenye digrii na intaneti, asemewe na nani?

Basi nisilalamike tu kama mlevi wa kijiweni. Ninachotaka ni hiki.

Kwanza, tupime. Hospitali kubwa za mikoa ziwe na uwezo wa kupima vinasaba vya bakteria wa kifaduro kwa kichanga anayeacha kupumua. Bila kipimo hakuna jaribio, na bila hesabu hakuna wa kutuamini. Mtoto asiandikwe nimonia kwa mazoea.

Pili, taasisi zetu, NIMR na Ifakara kwa Tanzania, KEMRI kwa Kenya, na wenzao wa Uganda na Kongo, zikae pamoja na kuandaa jaribio la nchi kadhaa. Nchi moja haitapata wagonjwa wa kutosha kwa haraka. Jaribio la Halperin lilitufundisha kwamba ukikusanya watoto polepole, dawa inakufa kabla ya jibu. Liwe na maswali mawili, la tiba kwa walioanza kuugua na la kinga kwa wachanga walio hatarini, na makundi yote mawili yapate antibayotiki, oksijeni na huduma kamili. Anayekosa kingamwili asikose kitu kingine.

Tatu, masharti, na hapa wale wa Kano wasikilizwe. Mzazi aelezwe kwa lugha anayoota nayo, siyo fomu ya kurasa ishirini ya Kiingereza inayosomwa haraka haraka saa nane usiku. Aambiwe anaweza kukataa na mtoto wake akatibiwa vile vile. Kuwe na waangalizi wasiolipwa na mwenye dawa, wenye mamlaka ya kusimamisha kazi siku yoyote. Kuwe na bima. Matokeo yachapishwe hata yakiwa mabaya.

Nne, mkataba usainiwe KABLA ya mtoto wa kwanza kuchomwa: dawa ikifanya kazi, nchi zilizotoa watoto zipate dozi kwa bei zinayoimudu. Tumechoka kuwa shamba la mbegu huku mavuno yanaliwa kwingine.

Na tano, jambo dogo la aibu kulisema: kuwe na chupa za kutosha, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kusoma tarehe iliyoandikwa kwenye lebo.

Kwa wewe msomaji mwenye miaka ishirini na kitu, ambaye ama una mtoto ama rafiki zako wameanza kukualika kwenye arobaini, usisubiri serikali. Kinga ya kifaduro hupungua na miaka, hivyo mtu mzima anaweza kuwa nacho akadhani ni mafua sugu. Kama una kikohozi cha wiki tatu, usiende kumbeba mtoto wa watu na kumbusu. Nenda kapime. Mama mtarajiwa, muulize nesi kama chanjo ya kifaduro kwa wajawazito inapatikana. Baba, wiki ya sita ni wiki ya sita, siyo "mwezi ukiisha tukipata nauli". Kichanga akiacha kupumua hata kwa sekunde chache, kimbia hospitali na useme neno lenyewe mlangoni: kifaduro. Mlazimishe daktari alifikirie.

Na mheshimiwa mbunge wako akija kuomba kura, muulize mtoto wa wiki nne anakingwa na nini dhidi ya kifaduro. Akijibu "tunalifanyia kazi", muulize tarehe ya kuisha muda wa hiyo kazi.

Naomba kutoa hoja. Anayepinga aje na takwimu, mimi nipo.